Kila nikiacha tramadoli nashindwa siku ya tatu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi niko Mikindani hapa Mtwara, umri 31, naendesha boda na msimu wa korosho ukifika nabeba magunia ghalani. Mwaka jana mwezi wa tano nilipata ajali nikavunjika mguu, nikawekewa chuma, nikapewa tramadoli za wiki mbili. Maumivu yaliisha ila dawa sikuacha, nanunua mwenyewe mtaani, nilianza na mbili kwa siku sasa hivi nakula nane. Nimejaribu kuacha mara tatu, kila nikifika siku ya tatu nashindwa, mwili unauma kama nimepigwa, naharisha, silali, miguu inacheza yenyewe, mara ya mwisho nikawa naona vitu ukutani. Mama anasema nimechezewa. Mke wangu anasema nimekuwa teja. Nataka minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi niwe nimemalizana nazo. Je nikikaza nitakufa? Na kuna dawa ya kukata arosto, hayo mateso ya kuacha dawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma meseji yako mara mbili nikaona hii sio ya kujibu mistari miwili, kwaiyo kaa vizuri.

Nianze na hilo la kufa maana naona ndo linalokukosesha raha. Arosto ya dawa za jamii hii (tramadoli, kodeini, morfini, hata unga wenyewe yaani heroini, zote ni ukoo mmoja) kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine mara chache sana inaua yenyewe. Inatesa, tena inatesa kweli mpaka mtu anaiomba roho itoke, ila kuua yenyewe ni nadra. Kinachoua ni vitu viwili vinavyoongozana nayo. Cha kwanza ni kukauka maji, unaharisha na kutapika siku mbili tatu hunywi kitu, hapo hata kijana wa miaka 31 anaondoka. Cha pili nitakuja nacho huko chini na hicho ndo kimenifanya niandike marefu.

Sasa mama yako. Simlaumu hata kidogo, kijana anatetemeka kwa baridi na Mtwara jua linawaka, anapiga miayo ishirini kwa dakika, machozi na makamasi yanatiririka hali hana mafua, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa, alafu usiku anasema kuna vitu ukutani, we ungekuwa mama ungesema nini? Ila kuna jambo watu wengi hawalijui kuhusu tramadoli. Ni dawa moja inayofanya kazi mbili. Inashika palepale zinaposhika dawa za jamii ya morfini, na pia inachezea kemikali za ubongo zinazohusika na hali ya moyo, kama zinavyofanya dawa za sonona. Kwaiyo ukiikata ghafla baadhi ya watu wanapata arosto mbili kwa mpigo, ya kwanza ni hiyo ya kuharisha na mwili kuuma, ya pili ni hofu isiyo na sababu, vishoti kama vya umeme kichwani na mikononi, kuchanganyikiwa, na kuona au kusikia visivyokuwepo. Hayo ya ukutani ni dawa mdogo wangu. Kama mama anataka shehe akuandikie kombe unywe, kunywa, dua haijawahi kugombana na maji ya ORS. Ninachokataa ni kufungishwa saumu, kunyweshwa miti ya kutapisha wakati mwili tayari hauna maji, na kufungwa kamba au minyororo, hayo usikubali hata akija nani.

Na mke wako mwambie kwa heshima neno teja alipumzishe. Mguu ulivunjika, ukapewa dawa, hakuna aliyekwambia itakushika. Wengi walioingia kwa mlango huo nimewaona, madereva, wauguzi wenzangu, mpaka mzee mmoja mwalimu mstaafu.

Kwanini mwili unafanya vile? We mtu wa Mikindani utanielewa haraka. Mashua ikiwa na upepo mkali mabaharia wanakaa wote upande wa joshi, kule upepo unakotoka, wanaegemea nje kabisa ili chombo kisilale. Sasa upepo ukikata ghafla, pwaa, chombo kinalala upande wa watu. Tramadoli ndo upepo, umevuma miezi kumi na nne, na mwili wako umejipanga wote upande wa pili kuushindilia. Dawa inafunga tumbo, mwili unasukuma tumbo lifunguke. Dawa inalegeza na kusinzisha, mwili unamwaga kemikali za kukuamsha. Ukiacha leo jioni mabaharia hawajui kama upepo umekata, bado wameegemea, ndo unaona tumbo linafunguka, moyo unakimbia, jasho, usingizi hamna. Itachukua siku kadhaa warudi katikati ya chombo. Ndo maana pia dalili nyingi za arosto ni kinyume cha kile ambacho dawa ilikuwa inakufanyia.

Kwa tramadoli ya kawaida inaanza kama nusu siku mpaka siku moja baada ya kidonge cha mwisho, inapanda, kilele chake siku ya pili na ya tatu, alafu inaanza kushuka, na kwenye siku ya saba au ya kumi yale ya mwilini mengi yamepungua. Umeona sasa? Siku ya tatu unayoshindwa ndo kileleni penyewe. Hukuwa mdhaifu mara zote tatu, ulikuwa unapanda mlima kwa njia mbovu kuliko zote alafu unageuka ukiwa umebakiza hatua chache. Ila sitakwambia ukaze siku ya nne. Nitakwambia usipite njia hiyo.

Cha pili kinachoua, niliahidi. Miaka ya nyuma nikiwa Lindi kulikuwa na kijana mvuvi, yeye alikuwa wa unga. Mjomba wake akamchukua akampeleka shamba huko ndani, akakaa naye siku kumi na mbili, arosto ikaisha yote, kijana akarudi mjini amenenepa kidogo, anacheka, kaja mpaka kwangu kuniambia dokta nimeshinda. Siku ya pili yake kakutana na wenzake, akatumia kiasi kilekile alichokuwa anatumia zamani, juu yake akanywa nipa, ile gongo ya mabibo. Asubuhi mama yake alikuta kandambili zimepangwa vizuri mlangoni, taa inawaka, mtoto amelala kifudifudi wa baridi. Mwili wake ulishasahau. Kile kiasi kilichokuwa cha kawaida kwake mwezi uliopita, baada ya siku kumi na mbili kilikuwa sumu, pumzi ikapungua pungua mpaka ikakata.

We ni wa vidonge lakini hesabu ni ileile, na ukichanganya na pombe au valiamu (ile dawa ya usingizi) ni mbaya zaidi. Hofu yako yote umeiweka siku ya tatu. Mi hofu yangu ipo siku ya kumi na kuendelea, siku unayojisikia mzima, una hela mfukoni, unasema ngoja nile zangu nane leo tu. Hiyo ndo siku. Ikitokea umeteleza (watu wanateleza, sio mwisho) usirudie nane, usiwe peke yako, na usinywe kitu juu yake. Na mke wako ajue dalili: mtu amelala anakoroma vibaya na kuamka haamki, pumzi za mbali mbali, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano. Hapo amlaze ubavu, atafute usafiri wa hospitali sekunde hiyohiyo, na akifika aseme ukweli amekula nini, maana kuna dawa inaitwa naloksoni inaweza kumrudisha, ila muuguzi hawezi kukisia.

Haya, njia yenyewe. Unashuka ngazi, huruki. Nane kwenda sifuri ni kuruka.

Nachukulia kapsuli zako ni za miligramu 50, ina maana nane ni 400, na 400 ndo kiwango cha juu kabisa ambacho mtu mzima anatakiwa asivuke kwa siku. Juu ya hapo degedege inaanza kunukia, hasa kwa mtu anayekunywa pombe au anayetumia dawa za sonona kama amitriptilini. Kwaiyo upo ukingoni kaka, usiongeze hata moja. Na kabla hujaanza kupunguza panda daladala nenda Ligula, hospitali ya mkoa, ulizia watu wa afya ya akili, sema wazi kama ulivyoniandikia mimi, hii ya kujinunulia mtaani ikome upate dawa ya cheti inayoeleweka. Mpango ninaokupa hapa chini mpelekee daktari auone na aubadilishe anavyoona, yeye atakupima presha na kukuangalia macho kwa macho, mi nasoma meseji tu.

Leo tuko katikati ya Julai. Wiki ya kwanza kula saba, ya pili sita, ya tatu tano, ya nne nne. Ukifika nne punguza mwendo, maana kutoka nane kwenda saba umetoa sehemu ndogo, ila kutoka mbili kwenda moja umetoa nusu nzima, na hapo ndo wengi wanaanguka wakidhani wameshamaliza. Kwaiyo tatu kwa wiki mbili, mbili kwa wiki mbili, moja kwa wiki mbili, alafu basi. Hesabu inakupeleka mwisho wa Septemba. Kama sasa unakula mbilimbili mara nne kwa siku, anza kuitoa ile ya mchana, ya usiku iache iwe ya mwisho kabisa kuguswa kwasababu usingizi ukipotea na kila kitu kinapotea. Masaa yawe yaleyale kila siku. Usifanye ule mchezo wa leo nakula kesho sili, huo unaipa mwili arosto ndogo kila baada ya siku moja, ni kujitesa bure.

Ukishuka ngazi ukaona mbaya sana, kaa hapohapo wiki nyingine, usirudi juu. Watu waliotumia zaidi ya mwaka kama wewe wengine tunawapunguzia asilimia kumi tu kwa mwezi na hakuna aibu. Oktoba sio mahakama, ikikukuta na vidonge viwili kwa siku toka nane mi nitakupigia makofi.

Nani anashika dawa? Sio wewe. Samahani lakini hapa siwezi kukubembeleza, mtu mwenye arosto akiwa na kopo zima mkononi hana mpango, ana kopo. Mke wako azihesabu azigawe kwenye vile vifuko vidogo vya dawa, kila siku kifuko chake kimeandikwa tarehe, kopo lenyewe likae kwa mtu wa tatu, dada yako au jirani mnayemuamini. Mke anakupa cha siku moja. Najua wanaume hatupendi hii, kuombaomba dawa kwa mke, ila nimeona inavyofanya kazi.

Dawa ya kukata arosto umeuliza. Ya kuikata kabisa ukiwa nyumbani haipo, za kuipunguza zipo. Ukishuka polepole pengine hutazihitaji nyingi. Mwili kuuma meza panadoli mbili mpaka mara nne kwa siku, zisizidi nane ndani ya masaa 24. Kuharisha kuna loperamidi, fuata maandishi ya paketi, usije ukajaza mkono ukidhani itakupa nafuu zaidi, ikizidi inaharibu mapigo ya moyo. Maji ndo dawa kubwa: paketi moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, unakunywa kidogokidogo kutwa nzima, kama paketi hamna basi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha sio vya kulundika. Dafu pia zuri. Daktari anaweza kukuandikia klonidini, hii inatuliza ule moyo kukimbia, jasho na kutetemeka, ila inashusha presha, ukisimama ghafla unaona giza, ndo maana haiuzwi kienyeji na ukiwa nayo boda unaipaki. (Na hapa niseme, boda na tramadoli nane kila siku na abiria mgongoni, hilo nalo lilikuwa halijakaa sawa.) Valiamu usijipe mwenyewe, ikikutana na tramadoli zote mbili zinakandamiza pumzi.

Miguu inayocheza usiku, hiyo kero kuliko zote, kila mgonjwa analalamikia hiyo. Oga maji ya moto jioni, mtu akukande mapaja na vigimbi, tembea mpaka ufukweni urudi kabla ya kulala. Kahawa ya barazani baada ya magharibi iache kwa sasa, kaa na wazee piga soga ila kikombe kipite. Chakula usijilazimishe siku tumbo bovu, uji mwepesi unatosha, ming'oko na kisamvu utavikuta tumbo likitulia.

Alafu kuna mguu wenyewe. Ukishusha dozi maumivu ya zamani yanaamka na utajiambia unaona, mi kweli bado naumwa. Mara nyingi ni arosto inaongea, mtu aliyetumia dawa hizi muda mrefu mishipa yake inakuwa mikali kuhisi maumivu. Maumivu ya arosto yanazunguka, leo mgongo kesho magoti yote mawili. Ya chuma yanakaa palepale, yanaongezeka ukikanyaga au ukinyanyua mzigo. Kama ni hayo ya palepale, au pamevimba, pana joto au panatoa maji, nenda wakupige eksirei, chuma kinaweza kulegea au kupata maambukizi. Na uwaulize kabisa kama mguu huo unafaa kubeba magunia, maana ukiuumiza ghalani Novemba mtu wa kwanza atakayekuhurumia atakupa tramadoli mbili.

Kuna mtu atakwambia nenda Dar ukaanze methadoni. Methadoni ni tiba nzuri sana na naiheshimu, nchini ilianza Muhimbili mwezi wa pili 2011 na imeokoa maisha ya watu wengi wa unga, unakunywa dozi yako kila siku mbele ya muuguzi, arosto haiji, mtu anarudi kazini. Wanaoita kubadilisha ulevi kwa ulevi hawajui wanachosema. Ila wewe uko kwenye kapsuli nane, jaribu ngazi kwanza, ikishindikana daktari atakwambia kama unahitaji kupelekwa huko. Na kwa msomaji mwingine ambae yupo tayari kwenye methadoni: arosto yake inachelewa, siku moja mpaka mbili, na ikija inakaa wiki mbili hata tatu, kwaiyo usiikate kwa kukurupuka. Ukianzishiwa dawa za TB na arosto ikaanza ghafla huku dozi ni ileile, ni kwasababu rifampisini inaiondoa methadoni mwilini haraka, waambie kliniki wakupandishie, usikimbilie kuongezea ya mtaani. Na mjamzito yeyote anayetumia dawa hizi asiache ghafla kabisa, mimba inaweza kutoka, aende kliniki akaseme.

Kukimbizwa hospitali bila kusubiri asubuhi: degedege, kuzimia, kutapika kila unachokunywa, kukaa kutwa bila mkojo, kuharisha damu, au mawazo ya kujimaliza. Hilo la mwisho msilifiche, huko kwenye ngazi za chini moyo unakuwa mzito, dunia haina ladha, hata mtoto akicheka unaona kelele. Usingizi na moyo vinachelewa kuliko tumbo, wiki kadhaa, wengine miezi. Ukijua mapema hutadhani ndo umeharibika.

Kitu kimoja kinanikosesha amani kwenye kalenda yako. Septemba mwisho, Oktoba, utakuwa ndo umeshuka chini kabisa, mwili umeshasahau, na huohuo ndo wakati mabibo yameiva, uraka (pombe yake) kila kona, nipa inachemka, hela za korosho zinaingia, na yule jamaa anayekuuzia anajua siku ya malipo kuliko wewe. Ongea naye sasa hivi mkiwa bado mna miezi miwili, au bora zaidi futa namba yake. Malipo ya kubeba yaingie kwenye simu ya mke wako msimu huu mmoja tu. Na wale wenzako wa ghalani, mmoja angalau ajue, yule mnayeshika naye gunia.

Kesho ukienda Ligula chukua na lile boksi unaloletewa, ulipige picha unitumie pia, pande zote, hasa panapoandikwa miligramu. Za mtaani kuna za 100, kuna za 200 na zaidi, na zile zinazoyeyuka polepole ambazo hazifai kukatwa wala kusagwa, na kama zako sio 50 hesabu yote niliyokuandikia hapa inabadilika, kwaiyo usianze na saba mpaka tujue saba ya nini.